Jiko la Mkaa Lisilale Chumbani

Mkazi wa Mwanga, hapa Kigoma, ambaye karibu mwaka mzima hulala akitamani upepo wa ziwa umfikie kitandani, aghalabu hudhani kwamba habari ya kupasha nyumba joto ni habari ya Ulaya na theluji yake. Walakini ziwa letu la Tanganyika liko kiasi cha mita 770 tu juu ya usawa wa bahari, na msafiri apandaye gari kuelekea Manyovu huwa, kabla ya adhuhuri, amekwisha kuingia katika nchi ya vilima iliyo juu karibu maradufu ya hapo, ambako Juni na Julai watu hutoka asubuhi wamejitanda mablanketi, na usiku ukiingia kila mwenye watoto hutafuta moto. Tena baridi ya vilima hivyo vya Buhigwe na Heru Juu ni nafuu mbele ya ile ya Makete na Njombe, ambako alfajiri za kipupwe umande huganda juu ya majani. Na huko ndiko wanakokwenda vijana wetu kusoma, kufundisha na kuchuma riziki, nao wametoka katika nyumba ambazo hazikupata kuwafundisha lolote juu ya baridi.

Tazama jinsi jiko la mkaa, seredani ya wazee wetu, linavyoingia chumbani. Mama huliwasha nje, barazani, kwa vijiti na makaratasi, akalipepea mpaka moshi wote umekwisha na mkaa umeiva, chini mwekundu na juu umevikwa majivu meupe. Ndipo hulishika kwa vitambaa, akaliingiza walimolala watoto, akafunga dirisha, akaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa khanga kuukuu ili joto lisipotee. Yote hayo huyafanya kwa huruma, na kwa hadhari pia, kwa sababu tangu utoto wake ameambiwa kwamba kinachodhuru ni moshi, naye amesubiri nje katika baridi hadi moshi umekwisha. Kumbe saa ile anayoliona jiko limekuwa salama ndiyo saa ambayo hatari yake haionekani tena kwa macho wala haisikiki puani.

Mkaa uwakao pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, wala harufu, wala mwasho wa kumtoa mtu machozi akaamka. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikazunguka mwilini bila kubeba kile ambacho ubongo na moyo haviwezi kukikosa. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, akasikia kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu wa miguu, na pengine akadhani ni malaria au chakula kibaya. Aliyelala haoni dalili yoyote, bali usingizi wake huzidi kuwa mzito mpaka ukawa mauti. Mjamzito yumo hatarini pamoja na mtoto aliye tumboni. Kuacha dirisha wazi kidogo hupunguza hatari, hakuiondoi, na kuyafunika makaa kwa majivu ili yakae mpaka asubuhi si kuyazima, kwa kuwa huendelea kuungua polepole usiku kucha.

Nayaandika haya katika wakati ambao taifa limeazimia jambo jema. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Nami naiunga mkono shabaha hiyo kwa moyo wote, maana misitu ya mkoa wetu imeliwa na tanuri za mkaa kwa kiasi ambacho kila apitaye barabara ya Uvinza anakiona. Lakini jina lenyewe la mkakati lataja kupika tu, ilhali katika nchi ya baridi jiko lina kazi mbili, ya kuivisha chakula na ya kuwapa watu joto. Mtungi wa gesi huivisha maharage vizuri, kisha huzimwa, na nyumba ikabaki na baridi yake. Basi yule mama wa Manyovu, hata akipewa mtungi bure, ataendelea kununua mkaa wa usiku, na katika hesabu za wakubwa atakuwa amekwisha kuandikwa miongoni mwa waliookolewa.

Fauka ya hayo, Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, sasa hutengeneza kwa makaa ya mawe ya Kiwira vidonge vya kupikia viitwavyo Rafiki Briquettes, ili vishike mahali pa kuni na mkaa wa miti. Kwa msitu hiyo ni faraja. Kwa chumba cha kulala hakuna kilichobadilika, na ushahidi wa hilo tunao kutoka Mongolia. Mji wa Ulaanbaatar, ambako baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, ulikuwa ukifukizwa na moshi wa makaa ya mawe ghafi kutoka katika majiko ya mahema na nyumba za maskini, hata mwaka 2019 serikali ikayapiga marufuku na kuleta mahali pake makaa yaliyosindikwa. Moshi ulipungua angani. Lakini majira yale yale ya baridi watu walidhurika na wengine wakafa majumbani kwa kaboni monoksaidi. Waingereza nao, baada ya ukungu wa moshi wa Desemba 1952 kuua maelfu ya watu London, ambako kila nyumba ilikuwa ikiota makaa ya mawe, walitunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Ila wao nyumba zao zilikuwa na bomba la kutolea hewa tangu zamani, na vyumba vyetu havina.

Wapo pia jirani zetu wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ambao wengi wamekwisha kuhamishiwa Marekani na Kanada wakiwa na maarifa ya jiko la mkaa peke yake. Huko Seattle, Marekani, Desemba 2006, tufani ilipokata umeme kwa siku kadhaa katika baridi, familia za wahamiaji ziliwasha mkaa ndani, na watu wakafa. Gazeti la Seattle Times likachapa onyo katika ukurasa wa kwanza kwa lugha za wageni hao. Magazeti yetu yaweza kufanya hivyo kila Mei, kabla baridi haijaingia.

Ninalolitaka si kumnyang'anya mtu moto wake. Aote jioni, mlango ukiwa wazi, kisha jiko litolewe nje kabla mtu wa kwanza hajalala. Na akionekana mtu amelegea chumbani, abebwe hadi penye hewa na kupelekwa hospitali apewe oksijeni, asianze kupewa dawa za malaria. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito ayaseme haya, na imamu na padri wayaseme Ijumaa na Jumapili za kipupwe. Wajengao shule za bweni na nyumba za walimu katika wilaya za baridi watie bomba la kutolea hewa katika ramani, na mkakati wa nishati uongezewe sura ya joto la nyumba, yenye mablanketi, dari na majiko yenye bomba. Na kila mfuko wa mkaa uuzwao dukani, wa miti au wa mawe, uandikwe upande ule ule wenye bei, kwa herufi kubwa: usilale nao.