Gari la Zamani Halihitaji Kulala Gereji

Mwandishi wa makala ya wiki iliyopita anataka mwenye gari la zamani asiguse chochote chini ya boneti, kila kitu ampelekee fundi. Nakataa. Breki na usukani, sawa, mwachie fundi. Lakini hata kupima oili?

Chukua Corolla 110 ya familia. Asubuhi, injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye injini, na gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Fungua mfuniko wa rejeta, nayo iwe imepoa kabisa. Ukikuta maji ya kutu, huenda mtu amekuwa akijazia maji ya bomba badala ya kulanti. Hili linaniuma: kwa uzembe kama huo injini nyingi nzima huuawa na joto, uzee ukasingiziwa.

Eti tutaharibu! Anayeharibu ni yule asiyefungua boneti mpaka taa nyekundu ya oili iwake, wakati presha imeshashuka.

Hatari ya kweli ni kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki tu, bila stendi. Ndugu mwandishi, wafundishe wasomaji hayo, usiwatishe.