Ahadi ya Siku ni Deni

Wazee wetu wa pwani walikuwa mabingwa wa kungoja. Jahazi lililoondoka Lamu au Mombasa kwa kusi, likielekea Maskati au Bombay, halikutazamiwa kurudi mpaka kaskazi ivume, kiasi cha mwezi wa Disemba. Mfanyi biashara aliyeagiza mazulia au tende alikaa miezi, wala hakugombana na mtu. Alijua pepo zina majira yake na nahodha ana heshima yake. Kungoja kulikuwa kurefu, lakini kulikuwa na mpaka.

Leo hapa Nairobi twaagiza kitu kwa simu, twalipa kwa simu, na twaambiwa kitafika baada ya siku tatu. Siku tatu huwa kumi, kumi zikawa ishirini, na hapana wa kutwambia neno. Je, huku ndiko kuendelea?

Jirani yangu mmoja hapa Kawangware, mama mjane, hushona kanzu na mabuibui. Mwanzoni mwa Ramadhani aliagiza cherehani ya ovaloki katika duka moja la mtandaoni, akalipa thamani yote kwa M-Pesa. Aliahidiwa siku tano. Naye alikuwa ameshapokea fedha za wateja waliotaka nguo za Idi. Nilikwenda naye mjini mara mbili, kwenye jengo moja karibu na Luthuli Avenue, tukapandishwa ngazi na kuteremshwa. Kila tuliyemwuliza alijibu, "Mama, mzigo uko njiani." Njia ipi? Hapana aliyeijua. Cherehani ilifika Idi imekwisha na wateja wamedai fedha zao. Chombo ni kizima, hakina ila. Lakini mama yule hakununua chuma peke yake. Alinunua na siku.

Sababu za kuchelewa zipo, wala hatuzikatai. Bidhaa nyingi za ng'ambo huteremshwa Kilindini, zikapanda reli hadi bohari la makontena la Embakasi, zikangoja ushuru. Kisha kuna taabu ya anwani. Nchi yetu imezoea sanduku la posta. Nyumba nyingi za Kangemi na Kawangware hazina nambari, na vichochoro vyake havina majina. Kijana wa bodaboda huelekezwa kwa msikiti, kwa tangi la maji, kwa kibanda cha makaa. Naye mara nyingi hulipwa kwa mizigo aliyoifikisha, si kwa saa zilizompotea katika msongamano wa Naivasha Road. Kumtukana huyo ni kumpiga punda kwa kosa la mwenyewe.

Lakini iko sababu nyingine isiyo na udhuru. Baadhi ya wauzaji hupokea fedha kabla ya kuwa na mali. Picha wameitundika, bidhaa hawana. Ukishalipa ndipo waanzapo kuzunguka Nyamakima na Kamukunji kuitafuta.

Jambo hili si geni kwa aliyekaa chuoni. Tulifunzwa kwamba haifai mtu kuuza asichokuwa nacho, ila kwa biashara ya salam, ambapo mnunuzi hutanguliza thamani yote na mali ikaja baadaye. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakitanguliza malipo ya tende za mwaka na miaka miwili mbele. Hakuwakataza, bali aliwataka wajue kipimo, uzani na muda. Tazama, muda umewekwa safu moja na kipimo. Basi mwenye kuchelewesha kwa uzembe ni ndugu wa mwenye kupunja mizani.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji na kulipwa fidia akipata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 yamruhusu kuvunja mapatano ikiwa siku 30 zimepita tangu tarehe iliyoahidiwa na mali haijafika. Tena tangu 2021 iko Mahakama ya Madai Madogo hapa Milimani, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Hata hivyo, siku 30 ni nyingi kwa anayeikimbilia Idi. Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, kabla hujalipa uliza: mali iko ghalani au bado yatafutwa? Itafika tarehe gani? Jibu liwe la maandishi, nawe ulihifadhi. Ikiwezekana, lipa mzigo ukiwa mkononi.

Nanyi wauzaji, hatuwadai miujiza. Meli huchelewa na mvua hunyesha. Mkijua leo kwamba mzigo hautafika kesho, semeni leo, mnunuzi apate kushika njia nyingine. Na akitaka fedha zake, mrudishieni bila kumtembeza ngazi kwa ngazi. Kaunti nayo ivipe vichochoro majina na nyumba nambari, maana hata mwaminifu hupotea pasipo alama.

Subira tumeusiwa, nasi twaipenda. Lakini subira ni ya anayengoja. Haikuwekwa iwe kinga ya mwenye kuvunja ahadi.