Hamu si Raha

Neno likikosewa, fikira hupotoka. Na fikira ikipotoka, hukumu huwa dhuluma. Siku hizi imekuwa desturi, madarasani na magazetini, kuiita dopamini "homoni ya furaha". Jina hilo ni tamu mdomoni, lakini ni la uongo, na limeanza kudhuru watu.

Zamani dopamini ilidhaniwa kuwa malighafi tu ya kemikali nyingine, hata mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi alipoonyesha kwamba ina kazi yake yenyewe ubongoni. Kazi hiyo ni ipi? Mwaka 1997 Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague waliieleza kwa habari za tumbili waliopewa maji ya matunda. Tone lililokuja bila kutazamiwa liliamsha chembe za dopamini. Tumbili walipokwisha jua kwamba ishara fulani hutangulia tone, chembe ziliamka kwa ishara, zikatulia kwa tone. Ishara ilipokuja na tone lisije, zilizimika kwa kitambo. Basi dopamini hutangaza tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na kwa tofauti hiyo ubongo hujifunza. Kent Berridge na wenzake nao walionyesha kwamba panya walioondolewa dopamini waliendelea kufurahia utamu uliotiwa vinywani mwao, ila hawakujisumbua kuutafuta. Raha ilibaki, hamu ilikufa. Kiswahili kina maneno mawili kwa mambo haya mawili. Kwa nini tuyachanganye?

Huenda mtu akasema kwamba huu ni ugomvi wa maneno. Na autazame ufuko wa Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza bila uhakika wa pato. Kijana angojaye kivuko huweka fedha zake katika mkeka wa kamari ndani ya simu, bila uhakika vilevile. Wenye hekima za barazani humsifu wa kwanza, na wa pili humwita mvivu aliyelewa raha. Hukumu hiyo ni upuuzi. Bongo zao hufanya kazi moja. Waliotofautiana ni walimu wao. Ziwa ni mwalimu mkali lakini mkweli: likimnyima mvuvi leo, humfundisha habari za upepo, mwezi na kina, na kubahatisha kwake hupungua mwaka hadi mwaka. Kamari haina somo la namna hiyo. Bei zake zimepangwa ili mwenye mchezo apate faida, naye mchezaji hutupiwa ushindi wa nadra asioutazamia, ili matarajio yake yasitulie kamwe. Hata mkeka ukichanika kwa mechi moja tu, yeye huona amekaribia. Na uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kukosa kwa karibu huamsha baadhi ya sehemu zilezile za ubongo ziamshwazo na ushindi.

Anayeng'ang'ania neno uvivu na anijibu hili. Wako wagonjwa wa Parkinson, watu wazima wenye staha, ambao hawakuwa wachezaji wa kamari. Walipopewa dawa ziigazo dopamini, baadhi yao walianza kucheza hata wakapoteza mali. Dawa zilipopunguzwa au kubadilishwa, wengi waliacha. Je, uvivu huingia kwa kidonge na kutoka kwa kidonge?

Sisemi kwamba kijana hana hiari. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Lakini asali hii ina mwenyewe, naye anajua hesabu kuliko mchovyaji. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Ni vema, lakini haitoshi. Ubongo haubadili kanuni zake usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa.

Kwa hiyo nawataka walimu walifute jina "homoni ya furaha" katika masomo yao, waiite dopamini mjumbe wa hamu na mafunzo. Tukisema raha, tutamlaumu mtu kwa anasa ambayo pengine haonji tena. Tukisema hamu, tutalazimika kuuliza ni nani aliyeichochea, kwa faida ya nani, na kwa nini serikali ichukuayo kodi yake isimwulize swali hilohilo.