Mji Mkongwe hautaki haraka

Nina jambo kwa wanaopanga kuuzunguka Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliokuwa makao ya masultani wa Kibusaidi, kwa siku moja na mtembeza wageni: msikubali kukimbizwa.

Anzieni mtaa wa Mkunazini asubuhi, miguu ikiwa bado na nguvu. Hapo palikuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Ndani ya kanisa la Anglikana lililopo hapo, mbele ya altare, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Ndipo ulipokuwa mti waliofungiwa watumwa wakachapwa. Simameni kimya kidogo. Nje, sanamu zimesimama shimoni na minyororo shingoni.

Baadaye ndiyo mwende bafu za Hamamni, Ngome Kongwe na jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Nawasihi Watanzania wenzangu: pelekeni watoto. Na mchukueni mtembezaji mwenye kibali, mzaliwa wa mitaa ile, mmlipe haki yake. Historia hii ni yetu kabla ya kuwa ya watalii.