Dola moja na nusu chini ya kioo: programu ya sinema za Kanada isifiwe pamoja na bei yake ya mwisho

Katika makundi ya WhatsApp yanayounganisha jamaa za Kivu na ndugu zao walio Kanada, kuna sifa moja inayorudi kila mwisho wa juma. Mtu aliyetoka kambi ya Nyarugusu ao Nakivale akapelekwa Winnipeg ao Edmonton anatuma picha ya tiketi ya sinema iliyo ndani ya simu, pamoja na sauti ya kueleza: huku hakuna kupanga mustari, unapakua programu, unachagua kiti, unalipa, umemaliza. Walio huku, wengine wakilala katika shule na makanisa tangu walipokimbia vita, wanasikiliza na kusema kweli hayo ni maendeleo. Jamaa zinazongoja safari zinaweka jina la programu akilini. Kesho yake sifa imekuwa tangazo, na watu wanalipeleka kutoka kundi hadi kundi bila kulipwa hata franka.

Programu inayotajwa ni ya Cineplex, kampuni kubwa kuliko zote za sinema inchini Kanada, yenye makao yake Toronto. Kabla ya kuilaumu, haki yake isemwe. Inaonyesha filamu zinazochezwa katika sale iliyo karibu, saa za kuanza, na viti vilivyobaki. Mwenye watoto anaweza kuwaweka pamoja kwenye mustari mmoja asije akawatawanya gizani. Tiketi inabaki ndani ya simu na mlangoni wanaisoma kwa mashini. Kwa mgeni ambaye Kiingereza ao Kifaransa chake kingali kidogo, kununua kwa kidole bila kusimama mbele ya mtu anayesema haraka ni nafuu kubwa, na wakati wa baridi kali hakuna anayependa kufika sinema akute viti vimekwisha. Hayo yote ni kweli. Anayesema programu hiyo haifai kitu anasema uongo.

Lakini sifa hizo zinaruka jambo moja, nalo ndilo linalogusa mfuko.

Mwezi wa sita 2022, Cineplex ilianza kukata dola 1.50 za Kanada juu ya kila tiketi inayonunuliwa kwa intaneti, iwe kwenye ukurasa wake ao katika programu ya simu. Iliita hayo malipo ya kuweka nafasi. Mwezi wa tano 2023, Ofisi ya Ushindani ya Kanada, ambayo kazi yake ni kuchunga wanunuzi, iliipeleka kampuni mbele ya Baraza la Ushindani. Mwezi wa tisa 2024 Baraza likakata shauri: wanunuzi walidanganywa. Kampuni ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 38.9, kiasi kilicholingana na malipo hayo yaliyokusanywa tangu mwezi wa sita 2022 hadi mwisho wa 2023. Cineplex ilikataa hukumu na kukata rufaa, ikisema malipo hayo yalikuwa wazi na mtu alikuwa huru kuyaepuka.

Hapa ni lazima kusikiliza vizuri, maana watetezi wanapenda kuchanganya mambo. Baraza halikusema kampuni haina ruhusa ya kuomba dola 1.50. Duka linaweza kuomba bei linayotaka, na mnunuzi anaweza kwenda zake. Kosa lilikuwa namna ya kuonyesha bei. Mtu alionyeshwa bei ya tiketi kwanza, ile ndogo, mahali ambapo jicho linaangukia. Hizo 1.50 zilikuwa chini zaidi, na wengi hawakuweza kuziona bila kuteremsha ukurasa kwa kidole. Kitufe cha kuendelea mbele, hicho kilikuwa mahali pa kuonekana. Kwa mtu aliyeketi nyumbani na simu yake, bei ile ya juu haikupatikana hata kidogo, isipokuwa awe mwanachama wa kampuni. Ilikuwa bei ya kuita watu tu. Sheria ya Kanada inatambua ujanja huo kwa jina, bei inayodondoka kama matone, na mwaka uleule wa 2022 bunge lao liliuandika wazi katika sheria ya ushindani kuwa ni udanganyifu.

Kila mama anayeuza sokoni Kadutu ao Virunga anaujua ujanja huu bila kusoma sheria yoyote. Ni sawa na muuzaji anayetangaza kiringiti cha unga kwa bei nzuri, halafu mteja akisha kufungua mkono anaambiwa mfuko unalipwa mbali, na kupimiwa kunalipwa mbali. Muuzaji huyo hapati mteja mara ya pili, kwa sababu sokoni watu wanasemezana. Ndani ya simu kila mmoja yuko peke yake na kioo chake, hakuna jirani wa kumkonyeza.

Watetezi wanasema: mnapiga kelele ya nini, ni dola moja na nusu tu. Basi tuhesabu. Mama na watoto watatu ni tiketi 4, yaani dola 6 zilizotoka pasipo kuongeza hata kikombe cha maji. Jamaa nyingi zilizofika Kanada kama wakimbizi zinaanza maisha na deni, maana serikali inazikopesha pesa za safari na inataka zirudishwe. Juu ya deni hilo kuna nyumba, kuna basi, na kuna sisi tulio huku tunaongoja kutumiwa. Dola 6 zikibadilishwa kuwa franka, huku ni chakula cha siku nzima kwa nyumba iliyohamishwa. Na upande wa kampuni, mtu agawanye ile milioni 38.9 kwa 1.50: atapata kwamba malipo hayo yalikatwa karibu mara milioni 26 ao zaidi, ndani ya mwaka mmoja na nusu. Neno "tu" linakuwa na faida kubwa kwa anayelipokea mara milioni 26.

Wengine wanasema mtu angeweza kununua dirishani, pale sinema, bila malipo hayo. Ni kweli, dirishani hayakukatwa. Lakini aliyekwisha kupakua programu, akachagua filamu, akachagua viti vya watoto, na viti vinavyobaki anaviona vinapungua mbele ya macho yake, ataacha yote hayo apande basi aende kupanga mustari kwa ajili ya 1.50? Waliotengeneza kioo hicho wanajua hataacha, na bei kamili waliiweka chini ya ukurasa, pale ambapo jicho haliangukii upesi. Hiyo si huduma ya bure aliyoikataa mtu kwa uvivu. Ni mtego uliopimwa vizuri.

Kuna jambo lingine ambalo sifa za WhatsApp hazilitaji. Mwenye kadi ya pointi ya Scene+ alikatwa dola 1 badala ya 1.50. Aliyejiandikisha CineClub, ambako watu wanalipa kila mwezi, hakukatwa kitu. Maana yake malipo hayo yalifanya kazi mbili: kukusanya pesa, na kusukuma watu kama fimbo waingie katika uanachama, watoe majina yao, tabia zao na kadi zao za benki. Mtu anashangilia kwamba ameokoa nusu dola, kumbe amelipa kwa kitu kingine ambacho hakukihesabu. Uanachama wa kila mwezi unafaa kwa anayeenda sinema kila mwezi kweli. Kwa mwenye kufanya kazi zamu mbili, na ndio wengi wa watu wetu kule, ni pesa inayotoka hata mwezi ambao hakuona filamu yoyote.

Asifikiri mtu kwamba ni Kanada peke yake. Marekani kulikuwa na MoviePass, programu ya simu iliyowaahidi watu mwezi wa nane 2017 filamu moja kila siku kwa dola 9.95 kwa mwezi. Wanachama walizidi milioni 3. Walipoanza kuitumia kweli kama walivyoahidiwa, pesa ya kampuni ikaisha. Mwezi wa tisa 2019 ilifungwa. Na mwaka 2021 tume ya serikali inayochunga biashara Marekani ilieleza kile kilichokuwa kikitendeka: waendeshaji walizima maneno ya siri ya wanachama walioitumia sana, wakawaambia kwamba kuna mwendo wa mashaka katika akaunti zao. Dirisha la sinema haliwezi kujifanya limesahau jina lako. Programu inaweza.

Hata huku tumekwisha kulipa kwa matone. Mwaka 2020 serikali ya Kongo ilileta RAM, orodha ya vyombo vya simu. Tuliambiwa ni kwa kulinda simu zetu zisiibiwe na kuzuia simu za bandia. Mwenye simu ndogo ya 2G alikatwa dola 1 kwa mwaka, mwenye 3G ao 4G dola 7, na pesa hiyo haikuombwa mkononi: ilitoka ndani ya uniti, vipande vipande. Mtu aliweka uniti asubuhi, jioni akakuta zimepungua na hakupiga simu popote. Wengi walilaumu kampuni za simu, wengine walilaumu watoto wa nyumbani. Ilichukua kelele za raia na wabunge hadi 2022 ndipo ikaondolewa. Pesa iliyokwisha kukatwa, nani aliirudishiwa?

Na leo simu imekuwa benki. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, msaada wa ndugu wa ng'ambo unapita katika M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na kila anayepokea anajua kwamba kiasi kilichoandikwa kwenye ujumbe si kile kitakachofika mkononi. Kuna makato ya kutoa, na wakati pesa taslimu ni haba kuna ya wakala juu yake. Kwa hiyo ndugu wa Kanada akikatwa huko chini ya kioo kwa sinema, na mama yake akikatwa huku chini ya kioo kwa chakula, ni ugonjwa mmoja. Tofauti ni kwamba Kanada kuna ofisi iliyoshitaki na Baraza lililotoza. Kongo karatasi zipo pia: sheria ya uhuru wa bei na ushindani ya mwezi wa saba 2018, na Kodi ya numeriki ya mwezi wa tatu 2023. Zipo ndani ya kabati, na mama wa kambini hana ufunguo wake.

Lawama haiishii kwa makampuni. Inawafikia pia wanaosifu. Kijana anayepeleka kiungo cha programu katika makundi kumi bila kufungua mpaka ukurasa wa kulipa amekuwa mtangazaji wa bure wa tajiri. Redio inayosoma tangazo la programu, iwe ya sinema, ya mukopo ao ya kutuma pesa, ikataja bei ya kuanzia na kunyamazia ya mwisho, inawauza wasikilizaji wake. Iwe ya kanisa, ya jamii ao ya mfanyabiashara, haina udhuru: kuuliza "mteja atatoa ngapi kwa jumla?" kunachukua nusu dakika, na mwenye tangazo akikataa kujibu, hilo ni jibu. Mashirika yanayofundisha wahami kutumia simu yanaanzia kuonyesha namna ya kupakua na kuweka neno la siri. Yangeanzia chini ya ukurasa, pale panapoandikwa jumla.

Kwa walio Kanada, programu ya Cineplex haina haja ya kufutwa. Itumike kwa kile inachofanya vizuri: kutazama saa, kuona kama viti vipo, kujua filamu inafaa watoto wa umri gani. Siku ya pili, yaani Jumanne, kampuni hupunguza bei ya tiketi, na anayeishi karibu na sinema anaweza kwenda siku hiyo akanunue dirishani. Anayenunua ndani ya simu ateremshe kidole mpaka chini kabla ya kugusa kitufe, alinganishe jumla na ile bei ya juu, ndipo aamue. Na yule anayependa kututumia picha ya tiketi kila mwisho wa juma, atume mbili: ya bei aliyoonyeshwa alipoingia, na ya pesa iliyotoka kwenye kadi yake.