STAA WETU, ULIFUNGUA BARABARA GANI HIYO?

Wadau, leo sina umbea mtamu. Nina hasira.

Ile picha mmeiona. Msanii wetu mkubwa (jina nalihifadhi, mnamjua), buti mpya za njano, chepe begani, ukungu wa Usambara nyuma yake, na maneno: "Tumeifungua barabara!" Laiki kibao, makopakopa ya kumwaga. Mimi siku ile nilikuwepo. Ni yule mchafu aliyekatwa pembeni ya picha.

Sasa stori yenyewe. Ile ni njia ya zamani ya malori ya magogo, Usambara Mashariki, ndani ya msitu wa hifadhi. Uvunaji mkubwa wa magogo kule ulikoma miaka ya 1980, malori yakaondoka, njia ikafungwa, msitu ukaanza kuimeza. Sisi wa kujitolea tulipewa kibali cha kukarabati kipande tu, ili askari wa misitu wapite doria na kuwahi moto, na watu wa kijiji cha upande wa pili waache kushusha iliki kichwani kupitia makorongo. Kizuizi kinabaki palepale. Si kila njia iliyofungwa inatakiwa ifunguliwe kwa kila mwenye Prado. Nyingine ziachwe zife, na ni sawa tu.

Kazi yenyewe haina mvuto hata kidogo. Anayetuongoza ni mzee aliyekuwa utingo kwenye malori yale yale, na kila asubuhi anasema, "Wanangu, tunapigana na maji, siyo majani." Basi unachimba mtaro. Unazibua kalavati kwa mikono, matope hadi kwapani. Unaweka tuta la mshazari kukatiza njia, maji yatoke pembeni kabla hayajapata kasi. Unashuka hatua kadhaa, unaweka lingine. Siku nzima mnamaliza kipande ambacho gari linakipita kwa sekunde. Nani atapiga picha ya mtaro?

Msafara wa staa ulikaa dakika 40. Magari matatu, mpiga picha, kijana wa droni. Wakafyeka majani, wakaona kuna shimo linaharibu picha, wakasema lijazwe udongo. Tukawaambia pale ndipo ulipo mdomo wa kalavati. Meneja akatujibu, "Tulieni wadogo zangu, ni dakika mbili tu." Na sisi, niseme ukweli, tukanyamaza. Mtu ana wafuasi wote wale, wewe ni nani umkatalie?

Masika ikaingia. Maji yakakosa tundu, yakapanda juu ya barabara, yakala ukingo wote wa bondeni. Kazi yetu ya wiki 3 ikaondoka usiku mmoja.

Na hilo ni dogo. Kwa sababu ya lile neno "tumeifungua", wikiendi zilizofuata wakaja washikaji na pikipiki na magari yao makubwa. Wakakuta kizuizi, wakakizunguka, wakapita juu ya miche. Wahifadhi wakawaka, na wa kulaumiwa nani? Sisi wenye kibali. Kimesimamishwa. Kina mama wa iliki bado wanashuka na mizigo kichwani. Posti bado ipo.

Msije hapa na ile "mna wivu". Kuna mchekeshaji mmoja, naye simtaji, alikuja siku 4, akalala kwenye hema linalovuja, akasukuma toroli la mawe, hakuposti kitu. Wakati wa kuondoka akauliza yanahitajika mabomba mangapi ya kalavati. Ustaa haukumzuia.

Kwa hiyo staa wetu, mambo mawili. Badilisha maneno ya ile picha, andika barabara IMEFUNGWA, watu wasije. Halafu mvua zikikatika na kibali kikirudi, njoo na vijana wako mtusaidie kuufukua ule udongo. Chepe lako tunalo, ulilisahau. Bado lina stika ya bei.