NYUMBA YETU: Yajue Mawe ya Nyumbani Mwako

Mwezi huu tuongee habari za mawe. Usicheke, mama. Asubuhi umepika juu ya mafiga, mchana umesaga karanga juu ya jiwe, jioni umejisugua visigino kwa jiwe. Hata katika Kumbukumbu la Torati 24:6 Waisraeli walikatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana bila hilo nyumba ilikosa mkate.

Mafiga
Nianze na lililonifanya nishike kalamu. Tulikuwa tukipika chakula cha harusi ya binti wa mwenzetu katika kikundi cha akina mama. Mafiga hayakutosha, vijana wakakimbilia mtoni wakaokota mawe matatu mazuri ya mviringo. Moto ulipokolea, jiwe moja lilipasuka kwa kishindo kama bunduki. Sufuria ya maharage ikapinduka, na kipande cha jiwe la moto kikamchoma mtoto shavuni, karibu kabisa na jicho. Tunamshukuru Mungu, jicho lilipona. Lakini pale pale mmoja wetu alianza kunong'ona kwamba yupo mtu asiyeipenda harusi ile.

Ndugu zangu, tusiwasingizie jirani zetu. Jiwe lililolala majini hunywa maji kupitia vitundu na nyufa usizoziona. Likipata moto, maji yale hugeuka mvuke, mvuke hukosa njia ya kutokea, na jiwe hupasuka. Basi chukua mafiga mahali pakavu, wala si mtoni. Mara ya kwanza yawashie moto mdogo bila chungu, watoto wakiwa mbali. Likionyesha ufa, litupe.

Jiwe la kusagia
Chagua jiwe gumu lisilomomonyoka. Lipapase kwa kiganja. Likiacha mchanga mkononi, liache huko huko, maana mchanga huo utaingia katika unga na kuwalia watoto meno. Jiwe jipya, au lililochongwa upya, lisagie kwanza konzi ya mahindi, umwage unga huo, urudie mpaka usione wala kuhisi mchanga.

Marumaru na graniti
Siku hizi wengi tunaita marumaru vile vigae vya sakafuni. Vigae hivyo hutengenezwa kiwandani kwa udongo uliochomwa. Marumaru yenyewe ni jiwe la asili, la jamii moja na mawe ya chokaa. Ni zuri sana, lakini adui yake ni uchachu. Maji ya limau, ndimu, siki au ukwaju yakimwagikia juu yake huacha doa lililofifia ambalo kitambaa hakiliondoi, kwa sababu jiwe lenyewe limelika. Kwa hiyo marumaru si jiwe la meza ya jikoni kwa mama anayekamua ndimu kila siku. Lioshe kwa maji na sabuni laini tu.

Graniti ndilo jiwe gumu la miamba mikubwa ile tunayoiona Mwanza, ziwani na milimani. Hilo halitishwi na ndimu wala sufuria. Kama mna uwezo wa kuweka jiwe jikoni, kabla ya kulipa mwombe fundi kipande kidogo, ukidondoshee maji ya ndimu, usubiri robo saa, kisha upanguse. Kikibaki na doa lililofifia, hilo si graniti hata kama umeambiwa hivyo. Ndimu moja inaweza kuokoa akiba yenu ya mwaka mzima.

Jiwe la Kisii
Jiwe hili huchimbwa Tabaka, huko Kisii nchini Kenya. Ni laini, hata kisu hulichonga, ndiyo maana hutengenezwa vinyago, bakuli na sahani. Lililopakwa rangi liwe pambo tu, usiwekee chakula.

Mawe ya matumbawe
Wenzetu wa Unguja na Lamu wanaoishi katika nyumba za kale wanayajua. Kuta hizo hunyonya unyevu na kuutoa taratibu. Plasta ikibanduka, waambie mafundi warudishie plasta ya chokaa. Saruji huziba njia ya unyevu, na ukuta huoza kwa ndani huku nje ukionekana mzuri.

Jiwe la kusugulia miguu
Jiwe jepesi lenye matundu, linaloelea majini, hutokana na volkano. Loweka miguu kwanza, sugua polepole, kisha lioshe na kulikausha juani. Kila mtu awe na lake. Mwenye kisukari asijisugue nalo, kwani aweza kujijeruhi bila kuhisi, na kidonda chake huchelewa kupona.

Mama mpendwa, ukuta ule wa saruji na jiwe lile la mtoni vyote vilipendeza kwa nje. Tusichague kwa macho tu, wala tusiwahukumu wenzetu kwa jambo tusilolichunguza. Mama yule aliyenong'onewa siku ya harusi tulimwendea na kumwomba msamaha. Leo tunapika naye, kwa maana jifya moja haliinjiki chungu.

Mungu aibariki nyumba yako.